Bapa la Kushikia

9 Februari

Chachu mwanangu,

Barua yako nimeipata, na picha uliyopiga mbele ya jengo la vioo nimeipata pia. Umependeza. Umekonda. Jengo limeshiba kuliko wewe.

Unauliza kwa nini simu uliyoninunulia haipokelewi. Iko kabatini, imefungwa kitambaa, haijambo kabisa. Simu inampa mtu nafasi ya kunikatiza, na mimi katika maisha haya nimekatizwa vya kutosha. Kwenye barua nasema mpaka mwisho. Wewe unakasirika huko peke yako, mimi sioni, tunaendelea kupendana.

Hapa duka liko palepale, karai liko palepale, na magazeti ya kufungia bado nayasoma kabla sijayachana. Juzi nimekuta makala ya bwana mmoja, daktari wa uchumi, anaandika kwamba sisi tunaokaanga unga kando ya barabara tutakufa wenyewe tu, bila kuuawa na mtu, maana maendeleo yatatupita kama basi linavyompita aliyesimama vibaya. Gazeti lenyewe la mwaka juzi. Nikamfungia mteja churo nne, vijiti vyangu vya unga vyenye matuta, ndani ya picha yake, mafuta yakamla kuanzia tai mpaka kwenye nywele. Kisha nikakaa nikamwandikia mhariri kurasa tano. Sijajibiwa. Waoga hawajibu.

Mama Pete, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, bado anakaanga pete zake za unga na bado anaongea. Jana mbele ya wateja anasema churo ni pete iliyoshindwa kufunga mdomo. Nikamwambia pete ni churo inayokimbiza mkia wake mwenyewe. Tumenuniana mpaka saa kumi, akaja kuazima chujio.

Sasa sikiliza. Nataka kufungua meza ya pili stendi ya mabasi. Kutoka hapa mpaka mtoni, na kutoka mtoni mpaka reli inapoanzia, hakuna mwingine anayekaanga churo. Ni mimi na bomba langu la kukamulia unga, lile aliloniachia mpishi wa kigeni hoteli ya reli ilipofungwa, mimi nikiwa muosha masufuria wake. Bomba hilo limekulea wewe tangu kaka yangu alipokuacha mikononi mwangu huna hata jino kinywani. Haiwezekani nife limekaa meza moja.

Na kwa kuwa ofisi yako inakuzungusha miji yote kama kifurushi kisicho na anwani, nifanyie kazi moja. Kila unapofika, tazama: wanakaanga nini, wanauza saa ngapi, churo zipo au hazipo. Niandikie. Nataka kujua nipo peke yangu kiasi gani.

Shangazi yako

*

2 Machi, mji wa machimbo

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda cha nyumba ya wageni. Kiti kipo, lakini mguu wake mmoja ni mfupi, na mimi siku hizi nikitikiswa kidogo tu nasimama. Nimekaa, nimesimama, nimefungua dirisha, nimelifunga, na bado niko kwenye sentensi ya pili. Ulinipa jina la chachu kwa sababu sikuweza kutulia, ukacheka kwamba ndicho kitu pekee ambacho unga wako hauhitaji. Nilikuwa nacheka pia. Sasa nikiamka sijui niko mji gani. Nyumbani nilijua asubuhi kwa harufu ya ganda la chungwa likichemka kwenye maji yako ya kusongea unga. Vyumba hivi vinanuka sabuni.

Ulichoniagiza ndicho hiki. Mji wa mlimani wana pete tu, zinauzwa mlangoni pa shule, na kengele ikilia ya pili zimekwisha. Hapa machimboni wanafunga unga mafundo, wanatia chumvi, wanayala kabla ya kushuka shimoni. Niliomba sukari, mkaangaji akamwita mwenzake aje kunitazama. Mji wa njia panda hawakaangi kitu. Wana mkate. Nikauliza kwa nini, mwanamke mmoja akasema, "Kukaanga ni mambo ya ndani, binti. Huwezi kukaangia mtu usiyemjua."

Lakini bandarini, Shangazi, nilizikuta churo! Mzee mmoja, karai dogo, kibanda cha mabati karibu na lango la kupakulia. Nikakimbia. Nimefika, nimeshika ya kwanza, naigeuza na kuigeuza: haina bapa! Imejaa matuta kuzunguka yote, kama skrubu. Nikamwuliza, "Mzee, bapa liko wapi? Mteja ashike wapi?" Akanitazama kama nimemwuliza zilipo pembe za kuku. Basi nikamfundisha, kwa adabu, mbele ya wateja wake. Nikamwambia churo ina upande mmoja bapa, wa kushikia, mtu asiungue vidole, na mimi nimelelewa na mwenye kujua. Watu walicheka sana. Nadhani walimcheka yeye.

Unauliza kazi yangu hasa ni nini. Napima soko. Natembea, naonja, nauliza, naripoti. Kampuni yenyewe inatengeneza vitafunwa, biskuti na vitu kama hivyo.

Kuhusu meza ya stendi: ngoja kwanza. Tafadhali. Usifungue sasa, subiri hata mpaka katikati ya mwaka tuone. Usiniulize kwa nini.

Mwanao,
Chachu

*

14 Machi

Fundi Bati,

Anayekuletea kifurushi hiki ni dada wa duka la sabuni, hajui kilichomo na usimwambie. Ni mdomo wa bomba langu. Utaona una meno saba ya kuchora matuta, na pengo. Pengo hilo lilizaliwa siku moja na biashara yangu, mdomo uliponiponyoka ukaangukia saruji kabla hata mafuta hayajapata moto. Mteja wa kwanza akauliza mbona upande huu umelala. Wewe ungesema nini? Ungesema "nimeanza kazi leo na nimeshaharibu"? Nikasema ni bapa la kushikia. Akashika. Mji mzima mpaka leo unashikia hapo hapo, na hakuna aliyeungua.

Sasa nataka jino lirudi. Yawe manane. Usimwonyeshe mtu, na Mama Pete ndiye wa kwanza katika hao watu. Ukiulizwa, unaninolea kisu.

Ni kwa ajili ya stendi tu. Hakuna sababu nyingine. Kuna mtu wangu amekwenda kumcheka mzee wa watu hadharani kwa ajili ya pengo langu, lakini hiyo siyo sababu.

Mama Churo

*

15 Machi

Chachu,

Marahaba.

"Ngoja." Umeniandikia neno hilo kwa mwandiko mzuri kabisa, na nimelisoma nikiwa nimesimama, nikalisoma nimekaa, nikampa na karai alisome. Nani amekufundisha kuniambia ningoje? Nimengoja umeme, nimengoja maji, nimengoja mhariri. Nilingoja ukue. Sasa mtu mwenye koti la ofisi anatoka kwenye jengo la vioo na kuniagiza ningoje hata mpaka katikati ya mwaka, na nisimwulize kwa nini.

Basi nakueleza mimi kwa nini. Unaona aibu. Unapita stendi hizo na wenzako wa ofisini, siku moja mtashuka stendi ya hapa, na mbele yenu atakuwa amesimama mwanamke mwenye aproni ya mafuta anayeita "moto, moto, moto!", na mmoja wa wenzako atasema, "Huyo mama mbona mnafanana?" Ndiyo maana ningoje. Ningoje mpaka lini, mpaka ubadilishe uso?

Na usinieleze habari za biskuti. Biskuti ni unga ulionyimwa mafuta. Mtu aliyelelewa kwenye karai akaenda kupimia watu soko la biskuti, huyo amehama dini.

Stendi nafungua mwezi wa nne. Nimeshaongea na msimamizi, nimeshachagua mahali, kati ya choo cha kulipia na dirisha la tiketi, upande wa upepo mzuri. Bomba nimelipeleka kwa fundi alitazame.

Huyo mzee wa bandarini muache na churo zake. Usirudi kumsumbua.

Shangazi yako

*

3 Aprili

Kwa Meneja wa Masoko,

Ripoti ya mji wa mwisho wa reli

Ndugu Meneja,

Kama ulivyoagiza, nawasilisha maoni yangu kuhusu mji huo, ambao kwenye ramani ya ukutani ofisini kwako bado hauna pini.

Maoni yangu ni kwamba tusiupe. Wakazi wake kwa kawaida hawapendi vitu vya kukaangwa. Asubuhi hupendelea uji. Barabara ya kuingia ni mbovu, umeme hukatika mara kwa mara, hivyo majokofu ya mawakala yatashindwa kuhifadhi churo zetu zilizogandishwa. Aidha, watu wa mji huo ni wabishi kwa tabia na hawapokei kitu kipya kwa urahisi.

Napendekeza nguvu zielekezwe katika mji wa njia panda, ambako hakuna anayekaanga, na kwa hiyo hakuna atakayeumia.

Sentensi hii ya mwisho unaweza kuipuuza.

Wako mtiifu,
Mpima Soko, Kanda ya Reli

*

17 Aprili

Mpima Soko,

Ripoti yako ilinishangaza, nikaamua kupitia mwenyewe nikiwa njiani kutoka likizo.

Katika mji huo usiopenda vya kukaangwa nilipanga foleni mpaka jua likanichoma shingo. Foleni ilianza kwenye duka la mama mmoja mkali sana, ikapita duka la sabuni, ikakunja kona. Umeme haukukatika. Kuhusu ubishi ulisema kweli: nilipouliza kama kuna risiti, mama huyo aliniuliza kama na mimi nina akili.

Lakini nikuambie nilichokigundua. Wateja walikuwa wananung'unika. Churo za mama huyo sasa zina matuta pande zote, na foleni nzima ilikuwa inauliza, "Mama, bapa letu limekwenda wapi? Mbona siku hizi unatuuzia vitu vya kigeni?" Mama anawaambia, "Hivi ndivyo zilivyo duniani, nyinyi hamjatembea." Hawakuridhika. Mmoja alirudisha.

Unaona maana yake? Wale watu wanalitaka bapa, na bapa tunalo sisi! Ulipotuchorea umbo la churo mwaka jana, mafundi walipinga, wakasema churo haina upande bapa, wewe ukashikilia kwamba ni la kushikia, mtu asiungue. Ulikuwa sahihi. Zaidi ya hayo hazibingiriki kwenye mkanda wa kiwandani. Nilipokuajiri nilijua nimeokota lulu.

Pini nimechoma mwenyewe. Magari yanaingia wiki ya kwanza ya Mei, na wakala wetu atakaa stendi.

Jambo moja limebaki. Churo ya mama yule ina harufu fulani ndani, tamu, haitoki kwenye sukari wala mdalasini. Mafundi wameionja ile niliyowaletea na wameshindwa. Wewe una ulimi mzuri. Kama unaijua, tuambie mapema.

Meneja

*

19 Aprili, ofisini

Shangazi, shikamoo.

Nimechana barua nyingi kabla ya hii. Mfagizi amechoka kunitazama, amesogeza kapu la taka mpaka chini ya meza yangu.

Sioni aibu. Ningeweza kusimama katikati ya stendi hiyo na kuita "moto, moto, moto!" mpaka sauti inikauke. Hilo liamini, hata kama mengine hutayaamini.

Kwa nini umebadilisha mdomo wa bomba? Nani alikuambia ubadilishe? Rudisha ule wa zamani, Shangazi. Urudishe leo, kabla ya mwezi kwisha. Usinijibu kwa hasira kwanza, urudishe halafu unitukane.

Kampuni yangu haitengenezi biskuti.

Naifunga hii kabla sijaichana nayo.

Chachu

*

11 Mei

Chachu,

Marahaba. Hii utaisoma umekaa. Kama kiti ni kibovu, kaa chini.

Barua yako ilinikuta tarehe ishirini na kitu, nikaielewa nusu. Nikajiuliza nani amekuambia habari za mdomo wa bomba, nikamshuku Fundi Bati, nikaenda kumgombeza bure, maskini, akaapa mpaka kwa jina la mama yake. Ile sentensi ya biskuti nikaisoma nikasema basi wanatengeneza mikate. Sikuwaza zaidi. Nilikuwa na meza mpya, nilikuwa napaka rangi.

Stendi nilifungua. Siku ya kwanza watu walinunua kwa kunipenda, siku ya pili wakaanza maneno. "Mama, hizi sizo." "Mama, tunaungua." Hebu fikiria! Nimekaa miaka yote hii na pengo, hakuna aliyesema neno. Nimeweka jino, naambiwa feki. Kondakta mmoja, kijana ambaye nimemlisha tangu akiwa anatoroka shule, ananishikia churo mbele ya abiria na kusema, "Bi mkubwa amezeeka, amesahau kazi yake." Nikamwambia nimesahau kazi lakini kofi sijalisahau.

Kisha gari likaja. Jeupe, limepigwa picha ya churo ubavuni, ndefu kuliko mtu. Likasimama upande wa pili wa dirisha la tiketi. Wakashusha jokofu, wakashusha karai la umeme, wakamweka binti mwenye kofia ya karatasi. Nikasema moyoni, acha waje, tutaona. Nimekaa naviziavizia. Abiria wa kwanza ananunua, anaigeuza, anapiga kelele, "Jamani, bapa limerudi!"

Mwanangu, stendi yote ilihamia kule. Mama Pete mwenyewe alikuwepo, alikuja kunicheka, akasahau kucheka. Akavuka, akanunua moja, akaniletea kwenye kiganja kama mtu anayekuletea jino la mtoto. Akasema, "Hii si ya kwako?"

Nikaigeuza. Matuta saba na bapa. Siyo matuta sita, siyo bapa pande mbili. Saba, na pengo palepale. Nikamwambia anipe na boksi. Kwenye boksi, kwa herufi nyekundu, wameandika: *Yenye bapa la kushikia, usiungue vidole.*

Nilikaa kwenye ndoo.

Sikiliza nikwambie, kwa sababu najua utaanza kulia na mimi sipendi karatasi iliyolowa. Hilo bapa halikuwa la kushikia. Lilikuwa ni jino lililovunjika. Mdomo uliniponyoka, mteja akauliza, nikajibu. Na sitaki uniambie nilidanganya. Kitu kikiwa na upande bapa na watu wakashikia hapo, basi ni la kushikia, nani mwingine ana haki ya kuamua? Yule daktari wa uchumi? Sijutii hata kidogo. Ninachojutia ni mzee wa bandarini, umwombe radhi kwa niaba yangu, na umnunulie kitu. Barua yako ile ndiyo iliyonipeleka kwa Fundi. Sikutaka uzunguke dunia ukinitetea kwa pengo.

Katika dunia hii yote kuna mtu mmoja tu anayeweza kuambiwa na matajiri "tuchoree churo" akachora meno saba na pengo, bila kuwaza, bila kusitasita, kwa sababu hajawahi kujua kwamba churo inaweza kuwa kitu kingine. Mtu mmoja tu. Kwa hiyo sikuhitaji kuuliza nani.

Siku ile nilikutukana mpaka Mama Pete akaniomba nipumzike. Nilikuita majina ambayo hayajaandikwa popote, na mimi nimesoma sana. Nilisema umewauzia uso wangu. Nilisema sasa miji yote uliyoniorodheshea nikifurahi niko peke yangu, mlimani, machimboni, njia panda, kote watu wanashika pengo langu na hawajui hata kwamba nipo. Unajua inavyouma mtu kuja kwenye meza yako na kukuambia wewe ndiye wa bandia?

Foleni imepungua nusu. Nakuambia ujue, sikuambii unihurumie. Msimamizi wa stendi ameshaanza kuniuliza kama bado nahitaji nafasi yote ile. Nikikaa hivi mpaka mvua, meza ya stendi imekwisha, na ya dukani itafuata.

Jana nikarudi kwa Fundi Bati. Nikamwambia, ling'oe. Akasema, "Mama, si ni hili hili nililoliweka?" Nikamwambia ndilo, ling'oe. Akalitazama lile jino, kazi yake nzuri kabisa, akaniuliza kama kuna mtu nyumbani anayeniangalia. Limetoka. Leo asubuhi nikachemsha maji, nikasonga, nikakamua, nikakaanga moja. Nikailaza kwenye sahani kando ya ile yenu ya boksi. Nikawaita Mama Pete na dada wa sabuni. Hakuna aliyeweza kusema ipi ni ipi. Hata mimi. Nakuapia, hata mimi nilizisogeza nikapotea.

Mpaka nilipozing'ata.

Ya kwenu ni tamu. Nje inavunjika vizuri, mdalasini upo, sukari ipo. Ndani hamna kitu. Unauma, unafika katikati, hakuna mtu nyumbani. Ganda la chungwa halimo.

Nikaacha kutafuna. Nikamwambia Mama Pete arudi kwake.

Sasa, ama hawakukuuliza, ama walikuuliza ukawaambia wakashindwa kuliweka kwenye mashine zao, ama walikuuliza na wewe ukafunga mdomo. Nimezunguka duka nikifikiria hayo matatu tangu asubuhi. Nimefagia mara mbili mahali pasipo na uchafu. Nimeungua kidole, mimi! Sitaki unijibu. Nakukataza kunijibu. Ukinijibu la kwanza nitakuwa sina cha kushikia, na ukinijibu la tatu nitalia mbele ya wateja, na wateja wenyewe sasa hivi ni wachache, watanitazama vizuri.

Nakwambia tu habari za hapa kwa ajili ya ramani yenu, maana Mama Pete amesikia kwa yule binti wa kofia kwamba mnayo, na mnachoma pini. Andika hivi: mji wa mwisho wa reli. Churo zipo. Meza mbili, moja dukani, moja stendi kati ya choo na dirisha la tiketi. Moto, kuanzia alfajiri. Bapa upande mmoja. Mkaangaji ni mmoja, na mikono yake miwili haitoshi meza mbili.

Shangazi yako

*

16 Mei, ofisini

Shangazi, shikamoo.

Umenikataza kujibu, sijibu.

Meneja naye ameniuliza tena asubuhi hii ile harufu ya ndani ya churo yako inatoka wapi, amesimama karibu na ramani yake. Yeye pia sikumjibu. Amesema basi nikabidhi funguo za ofisi, nimekabidhi. Nikitoka hapa napitia bandarini kwa yule mzee, halafu nachukua treni.

Nunua machungwa ya meza mbili.

Chachu